Kivuli Anasemaje

Kama ungepita dukani kwa fundi cherehani mmoja mwaka ule, ungemkuta shujaa akishikiza vifungo. Ndiyo, shujaa, yule yule wa kwenye jalada, aliyekuwa akiruka kutoka juu ya ghorofa huku nywele zake zimepeperukia upande mmoja tu, kana kwamba upepo nao ulielekezwa pa kusimama. Ungemkuta ameketi kwenye stuli nyuma ya rundo la mashati ya sare, pini mdomoni, amenuna. Wateja waliingia na watoto wao kupimwa, na watoto wakishamwona basi tena, mikono hawashushi, shingo hawageuzi, macho yamemganda yeye.

"Wewe si ndiye Kivuli?"

"Mimi ndiye ninayekupima kiuno. Vuta tumbo."

Kitabu chenyewe, kwa wale waliobahatika kutokisoma, kiliitwa *Watoro Watano*. Kilikuwa kitabu cha katuni kuhusu vijana waliotoroka makwao baada ya kila mmoja kuamka asubuhi na kujikuta ana nguvu za ajabu. Kulikuwa na Jeki, aliyeinua malori kwa mkono mmoja na hakuwa na la kusema. Kulikuwa na Redio, aliyesikia minong'ono ya mtaa wa pili. Kulikuwa na mapacha waliowasha moto kwa kugusanisha viganja, kazi ambayo kiberiti kimekuwa kikiifanya siku zote bila kujisifu. Na kulikuwa na Kivuli, aliyeweza kutoweka machoni pa watu. Msichana wa dukani alikuwa na lake la kusema hapo: mtu asiyeonekana utamwitaje Kivuli, wakati kivuli kinaonekana hata na ng'ombe? Lakini nani alimuuliza? Watano hao walikimbia kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma wakiwatandika majambazi, na katika kurasa zote hizo hakuna aliyefua soksi wala aliyetafuta choo. Yeye alipotoroka kweli, alitembea kwa miguu, begi begani, mpaka kwa shangazi yake, yule fundi cherehani, na nguvu pekee aliyoihitaji njiani ilikuwa ya kubana mkojo.

Alitoroka kwa baba yake, na baba yake ndiye aliyekichora kitabu hicho.

Baba alikuwa fundi wa penseli. Binti, pamoja na ghadhabu zake zote, hakuwahi kulikana hilo. Tangu akiwa mdogo alikuwa akiwekwa kwenye kiti karibu na dirisha. "Kaa hapo, mama. Geuza shingo. Usicheke." Alikua akidhani baba wote duniani huwatazama watoto wao jicho moja limefumbwa, penseli imeinuliwa mbele ya pua. Baba alijua kovu lake la kidevuni, alijua mfupa wa bega lake unavyochomoza akiinama, alijua masikio yake hayalingani. Lakini ukimuuliza binti yake anaogopa nini, au anamchukia mwalimu gani, angekutazama kana kwamba umemuuliza habari za mtoto wa jirani. Hata yale maneno ya Kivuli kitabuni hakuyaandika yeye. Aliyaandika mhariri, bwana mmoja mwenye viatu vinavyolia, aliyeamini kwamba msichana wa miaka kumi na sita akiamka asubuhi husema, "Haki haitalala!"

Kisha mama mtu akaugua, akafa.

Siku ya kumzika, binti alisimama ukingoni mwa kaburi, akayumba. Mtu katika hali hiyo humtafuta wa kumshika, naye akageuka kumtafuta baba yake. Akamwona. Alikuwa nyuma ya watu, ameegemea gari lililoleta jeneza, kikaratasi kiganjani, anachora. Anainua macho kwa binti yake, anayashusha, anainua, anashusha. Aliyemshika alikuwa shangazi, ambaye mikono yake imezoea kubeba marobota ya vitambaa na haikuwahi kuacha kitu kianguke.

Lile alilimeza. Alijiambia kwamba msiba humchanganya kila mtu kwa namna yake, na akajikaza kisabuni. Tatizo la vitu vya kumeza ni kwamba havikai chini: siku moja aliletewa kile kile, kimekuzwa ukubwa wa shuka na kubandikwa ukutani. Ilikuwa siku ya kuzindua kitabu. Ukumbi umejaa, watu wamevaa, na pale ukutani Kivuli anamlilia Redio aliyeanguka. Redio mwenyewe alikuwa amezimia tu, ukurasa uliofuata anaamka na kuomba maji. Lakini uso wa Kivuli ulikuwa uso wa kaburini. Mdomo umekwenda upande, kamasi inashuka, macho yanamtafuta mtu. Watu wakapiga makofi.

"Huu uchungu!" mhariri alisema, akifuta miwani. "Mzee, umeutoa wapi uchungu huu?"

Baba akatabasamu, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Ah, kazi tu."

Binti hakungoja soda. Alirudi nyumbani, akatia nguo begini, akasahau mswaki, akaondoka.

Shangazi alipofungua mlango hakumhoji. Alimtazama yeye, akalitazama begi, akasema, "Unajua kupiga pasi?"

"Najua."

"Basi ingia. Huyo mdogo wangu tutamjadili tukiwa tumeshiba."

Walimjadili mara nyingi, wakiwa wameshiba na wakiwa na njaa. Shangazi alikuwa na ulimi unaokata kuliko mkasi wake, na alimwambia mpwa wake wazi kwamba baba yake alikuwa hivyo tangu utotoni: nyumba yao iliwahi kushika moto jikoni, watu wanakimbia na ndoo, yeye amekaa barazani anachora moshi. Binti alicheka mpaka akajichoma na sindano. Lakini jioni alipokuwa anakunja mashati alijikuta anatazama mlangoni, na kila alipojikuta anatazama mlangoni alijitukana.

Baba hakuja peke yake. Alikuja na mhariri, viatu vikilia kuanzia kona ya mtaa.

"Shikamoo, baba," binti alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kifungo.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Nipo."

Baba akabaki amesimama katikati ya vitambaa, mikono haijui pa kwenda. Amekonda. Binti aliliona hilo na akalikasirikia, maana mtu ukiwa umemkasirikia hutaki akonde. Mhariri ndiye aliyeketi, tena bila kukaribishwa, akaanza kumwaga sera. Wasomaji wanalia wanataka kitabu cha pili. Shule zinaulizia. Barua zimejaa ofisini, na zote zinamtaka Kivuli. Wamefikiria jalada la uso wake peke yake, mkubwa, anamtazama msomaji moja kwa moja. Lakini baba hawezi kumchora bila kumwona. Amejaribu kwa kumbukumbu, kila mara anatoka mtoto wa miaka kumi na nne.

"Kwa hiyo tunakuomba wiki chache tu za kukaa kwenye kiti," mhariri alimaliza. "Na siku ya uzinduzi uje umevaa kama yeye. Vijana watazimia!"

"Wakizimia nani atawachora?"

Mhariri akacheka, akidhani ni utani. Shangazi hakucheka. Aliendelea kukanyaga cherehani, na cherehani ile ilikuwa ikiunguruma kwa namna ambayo wateja wa siku nyingi waliijua na kuikwepa.

Binti akatoa pini mdomoni. Alikuwa ameyapanga maneno haya siku nyingi, mbele ya pasi, mbele ya kioo, hata chooni.

"Baba, mimi sitaki kuchorwa. Nimechoka kutazamwa. Nitoe humo. Ukitoa kitabu cha pili ambacho uso wangu haumo hata ukurasa mmoja, nitarudi nyumbani. Ukiweka hata kidole gumba changu, usije tena hapa, wala usinitumie mtu."

Cherehani ikanyamaza.

"Binti yangu," mhariri alisema, sauti imeingia asali, "Kivuli ndiye kitabu. Tukimtoa tunabaki na Jeki, na Jeki unamjua mwenyewe."

"Si mumuue? Mmeshawahi kuuza msiba, ukauzika vizuri."

Hapo mhariri aliangalia saa yake. Uso wa baba ulikuwa umebadilika kidogo, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani na hajui bado ni nini. Akaaga, akagonga kichwa kwenye mwamba wa mlango, akatoka.

Tangu siku hiyo binti alingoja, huku akiapa kwamba hangoji. Hakuwa na imani hata chembe. Alimjua baba yake: atampa Kivuli barakoa na kusema si yeye. Atamgeuza mgongo, ambao nao ni mgongo wake. Atamkata nywele na kumwita kwa jina jingine. Akawaambia hivyo hata wale watoto wa kupimwa sare, waliokuwa wakibishana dukani kama Kivuli atarudi au atakufa. Alimwambia mmoja aliyekuwa na machozi karibu kwamba Kivuli amepata kazi ya kushikiza vifungo na hana muda na majambazi. Mtoto akaenda nyumbani analia, na shangazi akampoteza mteja.

"Hasira zako zinanila mimi," shangazi alisema.

"Samahani, shangazi."

"Samahani peleka kwa yule mtoto. Mimi nipe ule mkono wa kushoto wa shati."

Baba alirudi mchana mmoja wa jua kali, peke yake safari hii, bahasha kubwa ya kurasa kwapani. Shati lake lilikuwa halijapigwa pasi, na binti, kwa mazoea ya kazi, karibu amwambie avue. Hakuketi mpaka shangazi aliposogeza majora ya kitambaa na kumwonyesha ukingo wa meza ya kukatia.

"Nimemaliza," alisema. "Nusu."

Akazitandaza kurasa juu ya meza, juu ya alama za chaki.

Binti alizitazama kwa jicho la mtu anayetafuta doa. Ukurasa wa kwanza, barabara tupu, kopo limepigwa teke na linaruka, hakuna mpigaji. Wa pili, Jeki na Redio wanageuza vichwa kutazama mahali ambapo hapana mtu. Wa tatu, mlango wa nyumba unafunguka wenyewe. Wa nne, kiti kimevutwa kutoka chini ya meza na mto wake umebonyea kidogo, kama umekaliwa. Alitafuta sikio, kidole, kovu, mfupa wa bega. Hapakuwa na chochote. Kivuli alikuwa ameamua kutoonekana tangu ukurasa wa kwanza, na alikuwa haonekani kweli, kitabu kizima.

Alitafuta cha kudharau, akakipata upesi.

"Na haya matundu ni ya nini?"

Kila ukurasa ulikuwa na maputo, yale maduara ambamo wachoraji wa katuni huweka maneno ya msemaji, yenye mkia mdogo unaoelekea mdomoni kwake. Mikia ya maputo ya Kivuli ilielekea hewani, mahali ambapo mdomo wake ungekuwa. Na ndani ya maputo hapakuwa na kitu. Yote yalikuwa meupe.

"Hapo ndipo anaposema," baba alisema.

"Anasema nini?"

Baba akakuna kichwa, akawatazama dada yake na binti yake kwa zamu. "Ndicho kilichonileta. Sijui."

"Mwambie huyo mwenye viatu aandike. Haki haitalala."

"Aliandika. Nikafuta." Akapangusa jasho. "Zamani nikisoma maneno yake sikuona kasoro, maana uso ulikuwepo. Nilikuwa namchora anakasirika, basi nani anajali anachosema? Sasa uso haupo. Mama, nimekaa na huyu mtoto miezi, sina hata neno moja lake. Nikifumba macho naona shingo yako, naona masikio. Sauti yako siisikii. Nimejaribu kukumbuka kitu ulichowahi kuniambia, kitu kirefu, nimekosa."

"Nilikuwa nakwambia," binti alisema. "Ulikuwa unaniambia nisitikise kidevu."

Shangazi akaguna. Lilikuwa guno la mtu aliyeona mshono umekaa sawa.

Hapo ndipo binti alipotakiwa kufurahi. Ameshinda, si ndiyo? Bwana mkubwa amekuja kwa magoti, na kurasa zake zina mashimo. Alikuwa amezihifadhi kejeli za kutosha siku hiyo, na zilikuwa zimejipanga mdomoni. Badala yake alijikuta anauvuta ule ukurasa wa nne karibu. Jikoni. Kiti kilichovutwa. Upande wa pili wa meza ameketi mwanamume, baba wa Kivuli, ambaye katika kitabu cha kwanza hakuwahi hata kutajwa. Mwanamume huyo hakuchorwa vizuri. Alikuwa mzito, mabega yameshuka, macho hayakujua yaangalie wapi. Juu ya kiti kitupu kuna puto. Juu ya mwanamume kuna puto jingine, na lenyewe jeupe.

"Huyu karudi kufanya nini?" aliuliza.

"Sijui. Ulisema ungerudi, nikachora anarudi."

"Nipe kalamu."

Baba akatoa kalamu ya wino mfukoni upesi mno, akaishika kwa ncha kumpa mpini. Binti akainamia meza. Mkono wake ulikuwa mkono wa kuandika vipimo vya viuno, herufi kubwa, hazipendezi. Akaandika ndani ya puto la Kivuli: SIKU YA KUMZIKA MAMA ULIKUWA WAPI?

Akauzungusha ukurasa, akausukuma upande wa baba yake.

Baba alisoma. Alisoma muda mrefu kwa maneno machache namna ile.

"Nilikuwepo," alisema.

"Hukuwepo. Ulikuwa kazini."

Nje mtu aliuliza kama duka liko wazi. Shangazi akajibu kwamba limefungwa, ingawa mlango ulikuwa wazi kabisa na mteja alikuwa anamwona.

"Nilikugeukia wewe," binti alisema, na sauti ikaanza kumsaliti, jambo lililomtia hasira zaidi. "Nilikugeukia wewe, baba, na wewe ukaniangalia ukaona picha. Halafu ukaitundika ukutani. Watu wakapiga makofi. Ukasema kazi tu."

Mkono wa baba ulikwenda kwenye kalamu, ukaishika, ukaiacha, ukaishika tena.

"Mama yako alipofariki," alisema polepole, "sikujua niangalie vipi. Nilipokuona pale ukingoni, nilihisi nikikutazama hivi hivi, mikono mitupu, nitaanguka mbele za watu, na nikianguka mimi, wewe utabaki na nani? Nikashika penseli kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho nikikishika mkono wangu hautetemeki. Nikajidanganya kwamba nipo na wewe. Na ile siku ya ukumbini sikuwa na ujasiri wa kusema ule uchungu ni wa nani, kwa hiyo..."

"Hiyo haitoshi kwenye puto."

"Nini?"

"Ni ndefu." Akagonga puto jeupe lililokuwa juu ya kichwa cha yule mwanamume. "Amekuuliza hapa, mjibu hapa. Fupisha."

Baba akaukodolea macho ule weupe. Alikuwa mtu aliyejaza maelfu ya kurasa, na sasa aliinamia nafasi ya ukubwa wa yai kama mtoto aliyeitwa ubaoni bila kusoma. Akaanzisha herufi, akasita. Mwishowe akaandika neno moja, na herufi zake, yeye mwenye mkono uliosifiwa redioni, zilikwenda mbio kama za mtu anayeandika akiwa juu ya punda.

NILIOGOPA.

Binti alilisoma. Alitafuta kejeli ya kulipachika, na kwa mara ya kwanza tangu alipoondoka nyumbani hakuipata. Chini ya kisanduku kile kulikuwa na kisanduku cha mwisho cha ukurasa: meza ile ile, kiti kile kile kitupu, na puto moja dogo linalongoja. Baba hakumwambia alijaze. Hakumkumbusha ahadi ya kurudi, wala hakumwinulia macho ya kuomba. Alikaa tu, mikono juu ya meza, akimtazama binti yake kwa macho yote mawili.

Binti akachukua kalamu, akaandika: NA MIMI.

Baba alipoyaona maneno hayo mabega yake yakaanza kutikisika, na sauti ikamtoka, mbaya, ya mtu asiye na mazoea. Shangazi akainuka kwenda kufunga mlango sasa kweli. Binti alizivuta kurasa haraka kutoka chini ya uso wa baba yake, akazisogeza mbali, kisha akamshika bega.

"Lia huku," alisema. "Utazilowanisha, wino haujakauka."